Habu ya USB haiamki kila inapowashwa, mpaka RESET iguswe graundi kwa kibano

Kipinga10k:
Wakuu, heshima zenu. Naweka hapa habu (kigawanya mlango wa USB) ya milango 4 tuichambue kwa vipimo, tusibahatishe.

Chipu ni USB2514B, kristali ya MHz 24. Umeme unatoka kwenye adapta ya volti 5, ampea 3, unapita regyuleta AMS1117 kupata volti 3.3. RESET_N (pini ya riseti, ikiwa chini chipu inasimama) ina resista ya kiloohm 10 kwenda 3.3 na kapasita ya nanofaradi 100 kwenda graundi. RBIAS (pini ya resista ya mkondo wa rejea) kiloohm 12 ya asilimia 1. Pini za usanidi: SCL imevutwa chini, HS_IND nayo chini. VBUS_DET (pini ya kugundua umeme wa kompyuta) imeungwa moja kwa moja kwenye 3.3. Milango yote inalishwa 5V kupitia fyuzi moja inayojirudisha ya ampea 2, haina swichi.

Dalili:
- Kebo ya kompyuta ikiwa imeshachomekwa, ukiwasha adapta mara nyingi hakuna kinachotokea, dmesg (kumbukumbu ya matukio ya Linux) kimya kabisa. Ukigusisha RESET_N na graundi kwa kibano kisha ukaachia, habu inaonekana palepale.
- Kompyuta ikizimwa na kuwashwa huku adapta ikibaki, habu wakati mwingine haionekani au inaleta error -71 (kosa la mawasiliano ya USB).
- Ukichomeka diski ya inchi 2.5, vifaa vyote vya milango mingine vinakatika na kurudi.

Nimeshabadilisha chipu na kristali. Hali ni ileile.

Mzee_Volti:
Chipu iachie kwanza, haina kosa. Hizo dalili tatu ni matatizo matatu tofauti, usiyafunge kamba moja.

Dalili ya kwanza umeshaijibu nusu mwenyewe. Kama kugusa RESET baada ya umeme kutulia kunaamsha habu, basi kristali, RBIAS na nyaya za data ni nzima. Kilichokosekana ni riseti halali wakati wa kuwasha. Tuonyeshe kwa oskiloskopu, chaneli nne kwa mpigo:

1. 5V kwenye jeki ya adapta
2. 3.3 kwenye kapasita iliyo karibu kabisa na chipu, usipimie pale kwenye regyuleta
3. RESET_N
4. D+ (mmoja wa nyaya mbili za data) ya upande wa kompyuta

Triga iwe chaneli 1 ikipanda, kizingiti volti 1, pigo moja tu, milisekunde 10 kwa kigawanyo. Probu zote ziwe x10. Usiguse pini ya kristali kwa probu ya x1, ule uzito wa takriban pikofaradi 100 unaweza kuizima hiyo kristali ukaanza kufukuza tatizo ulilolileta mwenyewe.

Kipinga10k:
Mzee, haya ndiyo yaliyotoka. 5V inapanda polepole, naona hiyo adapta ina mwanzo wa taratibu. 3.3 inatoka sifuri hadi kamili kwa takriban milisekunde 20, karibu mstari mnyoofu. RESET_N inapanda nayo bega kwa bega, iko nyuma kwa kama volti 0.17 tu njia nzima. D+ haipandi kabisa ile mara inayogoma. Mara inayokubali, D+ inaruka hadi volti 3 hivi, inakaa kidogo, kisha inashuka.

Mzee_Volti:
Hapo ndipo penyewe. Tupige hesabu.

Kiloohm 10 mara nanofaradi 100 ni milisekunde 1. 3.3 yako inapanda volti 3.3 kwa milisekunde 20, yaani volti 0.165 kwa kila milisekunde. Mstari wa RC (resista na kapasita) unaofuata mlima kama huo hubaki nyuma kwa kasi ya mlima mara muda wa RC: 0.165 × 1 = volti 0.165. Ndiyo hiyo 0.17 uliyoisoma kwenye skrini.

Sasa, chipu inaiona RESET_N kuwa juu ikifika volti 2.0. Wakati huo 3.3 yako iko 2.17. Datashiti inataka VDD33 isipungue 3.0. Kwa hiyo chipu imeachiwa ianze kazi ikiwa na volti 2.17, kristali haijatulia, na pini za usanidi zinasomwa papo hapo RESET inapoachiwa. Mara nyingine inapona, mara nyingine inakwama kwenye hali isiyo na maana, na hakuna cha kuitoa humo isipokuwa riseti nyingine. Ndiyo kazi ya kibano chako.

Kwa adapta inayopanda kwa milisekunde 1, saketi hiyohiyo ingefanya kazi bila lawama. Ndiyo maana michoro ya aina hii inasambaa: aliyeichora aliijaribu kwa adapta yake tu.

bodi_nyekundu:
Si aweke kapasita kubwa tu? Kiloohm 100 na mikrofaradi 1, muda unakuwa milisekunde 100, mchezo umeisha. Kwa nini tununue chipu ya ziada?

Mzee_Volti:
Kwa kuwasha kutoka sifuri, sawa, itafanya kazi. Mstari utavuka volti 2.0 kama milisekunde 83 baada ya 3.3 kukamilika, ukiongeza na muda wa mlima unazidi 100 kidogo. Shida iko kwenye kuzima.

Umeme ukikatika, hiyo mikrofaradi 1 inajimwaga kupitia kiloohm 100. Ukichomoa na kuchomeka haraka, RESET haijashuka, na kuwasha kunakofuata hakupati riseti. Watu wanaweka diodi sambamba na resista ili imwage haraka. Sawa, lakini fuatilia namba: diodi ya silikoni inaacha volti 0.6 juu ya reli (mstari wa umeme). Ili RESET ishuke chini ya 0.8, ambayo chipu inaiona kuwa chini, reli ya 3.3 lazima ishuke hadi 0.2. Ukiweka diodi ya Schottky ya 0.3, reli lazima ifike 0.5.

Sasa chukua hali halisi: reli inazama hadi volti 2.3 kwa milisekunde chache halafu inarudi. Diodi haifanyi chochote, kapasita imebaki juu, RESET haijacheza. Chipu imechanganyikiwa na hakuna aliyeiamsha. RC hupima muda tangu mwanzo. Haiipimi volti.

Weka chipu ya kusimamia volti. Kwa kazi hii TPS3808G30 inafaa: kizingiti 2.79, pini ya CT ukiiacha wazi inachelewesha milisekunde 20 baada ya reli kuwa sawa. Pini yake ya RESET huvuta chini tu, haisukumi juu, kwa hiyo ile resista ya kiloohm 10 inabaki. Kapasita ya nanofaradi 100 iondoe. SENSE na VDD zote kwenye 3.3, nanofaradi 100 karibu na VDD, basi.

SaketiWazi:
Naongezea juu ya kuchagua kizingiti, wengi wanateleza hapa. Kuna G33 ya familia hiyohiyo, kizingiti 3.07. Jina linavutia kwa reli ya 3.3 na mtu anaikimbilia. Kwenye habu inayokula umeme wa kompyuta, VBUS (waya wa 5V wa USB) inaruhusiwa kufika chini hadi 4.40 kwenye mlango wa nguvu ndogo. AMS1117 inakula volti 1.1 hadi 1.3 ndani yake. 4.40 toa 1.3 ni 3.1. Uko milivolti 30 juu ya kizingiti. Kila kifaa kikichomekwa, habu inajiriseti, na utaapa kwamba msimamizi mwenyewe ni mbovu.

Ukipata familia ya MAX809: herufi R ni 2.63, S ni 2.93, T ni 3.08. Kwa hapa S. Ila ujue ucheleweshaji wake si chini ya milisekunde 140, wakati USB 2.0 inataka kifaa kijitokeze ndani ya milisekunde 100 tangu VBUS iwe halali. Kompyuta nyingi hazijali, zinangoja D+ ipande wakati wowote. Kama bidhaa inakwenda kupimwa rasmi, usicheze na hilo.

Mzee_Volti:
Dalili ya pili sasa. VBUS_DET kwenye 3.3 ni kosa la mchoro kwa habu yenye adapta yake. Pini hiyo ndiyo jicho la habu kujua kama kompyuta ipo. Ukiifunga juu, habu inaamini kompyuta ipo saa zote, inavuta D+ juu kupitia kiloohm 1.5 hata kompyuta ikiwa imezimwa. Matokeo yake mawili: unasukuma umeme kwenye pini za kompyuta iliyolala, na kompyuta inapoamka haikuti hatua ya kifaa kuchomekwa, inakuta D+ ipo juu tangu zamani.

Toa ule muunganiko. VBUS ya soketi ya kompyuta ipite kigawanyaji cha kiloohm 100 na kiloohm 100 kwenda graundi, katikati kwenda VBUS_DET. Volti 5 inakuwa 2.5, inatosha. Usichukue 5V ya adapta kwa bahati mbaya, ina jina lilelile kwenye michoro mingi. Kisha thibitisha: adapta imewashwa, kebo ya kompyuta nje, D+ lazima iwe sifuri. Chomeka kebo, D+ inapanda.

Na neno moja kuhusu ile D+ kupanda hadi 3 kisha kushuka: ni sahihi. Kiloohm 1.5 ya habu na kiloohm 15 ya kompyuta zinagawana 3.3, unapata 3.0. Kompyuta inatuma riseti kwenye nyaya za data, habu inajitambulisha kuwa ya kasi ya juu, na baada ya hapo nyaya zote mbili zikiwa kimya zinakaa karibu na sifuri. Anayepima D+ kwa multimita kwenye habu nzima anasoma karibu na sifuri halafu anatangaza chipu imekufa.

tarakilishi_usiku:
Samahanini kuingilia. Ubao wangu nao ni USB2514B, ila wangu hauamki KABISA, hata nikigusa riseti. Umeme 3.3 upo, kristali inacheza, VBUS_DET ina 2.5. SCL na SDA zina kiloohm 10 kwenda juu kwa sababu ya nafasi ya EEPROM (chipu ya kumbukumbu ya usanidi), ila EEPROM sijaibandika.

SaketiWazi:
SCL ni CFG_SEL0, HS_IND ni CFG_SEL1. Kama HS_IND iko chini na SCL iko juu, chipu imeingia hali ya SMBus: imekaa kwenye anwani 0x2C inangoja kidhibiti kiiandikie usanidi, na haitainua D+ mpaka biti ya kujiunga iwekwe kwenye rejista 0xFF. Itangoja milele. Toa resista ya SCL kwenda juu, weka kiloohm 10 kwenda chini, riseti. Ukija kubandika EEPROM, basi HS_IND nayo iwe juu.

tarakilishi_usiku:
Imeamka. Asante sana mkuu.

Pini_ya_Tatu:
Wakuu, wangu una chipu nyingine ya habu, FE1.1s, hauna adapta, unakula VBUS ya kompyuta. Ukichomoa ukasubiri kidogo ukachomeka, unaonekana. Ukichomoa na kuchomeka haraka, haupo. Una kapasita ya mikrofaradi 220 kwenye VBUS, na LED ya kuonyesha umeme yenye kiloohm 1.

Mzee_Volti:
Mabaki ya umeme. Weka probu kwenye 5V na 3.3, triga ikishuka, chomoa kebo. Utaona VBUS inaanguka haraka mwanzoni kisha inalala karibu na volti 1.8 na kuning'inia pale. Kilichoimwaga ni LED, na LED nyekundu ikifika 1.8 inazima, haivuti tena. Chipu nayo chini ya hapo haivuti kitu cha maana. Mikrofaradi 220 inabaki na chaji yake, reli za ndani hazijafika sifuri, na riseti ya kuwasha inahitaji zifike chini ndipo ifanye kazi tena.

Halafu hiyo 220 haitakiwi kuwa hapo. Mzigo unaoruhusiwa kuonekana kwenye VBUS papo kwa papo unapochomeka ni mikrofaradi 10. Wewe una mara 22. Mlango wa kompyuta unaweza kujikata au VBUS ikazama, na hapo tena unapata riseti mbovu kwa sababu nyingine kabisa.

Weka mikrofaradi 4.7 hadi 10 upande wa kompyuta. Kapasita kubwa ya milango, angalau mikrofaradi 120 yenye ukinzani mdogo wa ndani, ikae nyuma ya swichi ya umeme inayopanda taratibu. Kisha resista ya kumwaga, kiloohm 4.7 kutoka VBUS kwenda graundi. Kwa mikrofaradi 10 muda ni milisekunde 47, kutoka 5 hadi 0.2 inachukua kama milisekunde 150. Hakuna mkono unaochomoa na kuchomeka kwa kasi hiyo.

bodi_nyekundu:
Weka kiloohm 1 imwage haraka zaidi.

SaketiWazi:
Kiloohm 1 inakula miliampea 5 muda wote. Kifaa kikilala kwenye USB 2.0 kinaruhusiwa miliampea 2.5 kwa jumla, na D+ peke yake imeshakula 0.2. Ya kiloohm 4.7 inakula 1.06, bado una nafasi. Ingawa kusema kweli ile LED ya kiloohm 1 tayari inakula 3.2, kwa hiyo ubao huo umeshavunja sheria kabla hatujaanza. Iweke kiloohm 10, macho hayataona tofauti kubwa, inabaki 0.3 tu.

Pini_ya_Tatu:
Nimeondoa 220 nikaweka 10, na kiloohm 4.7. Bila kifaa chochote inaamka kila mara hata haraka. Ila nikiwa nimechomeka printa yenye umeme wake kwenye mlango wa 2, tatizo linarudi.

Mzee_Volti:
Chomoa kebo ya kompyuta, acha printa, pima VBUS ya soketi ya kompyuta. Ukikuta volti 1, 2, au zaidi, printa inakulisha kwa nyuma kupitia VBUS ya mlango wake. Kama ulitumia transista moja ya MOSFET ya aina ya P kuwa swichi, ndani yake kuna diodi inayopitisha kutoka mlangoni kurudi ndani hata ikiwa imezimwa. Tumia swichi ya umeme inayozuia kurudi nyuma, au MOSFET mbili mgongo kwa mgongo. Mara chache umeme hupita kwenye D+ na diodi za kinga: utaligundua hilo kwa kukata VBUS ya mlango ule tu na kuona kama mabaki bado yapo.

Kipinga10k:
Narudi na vipimo. TPS3808G30 imewekwa, kigawanyaji cha VBUS_DET kimewekwa. RESET_N sasa inabaki chini kabisa mpaka 3.3 inakamilika, inaachiwa kama milisekunde 20 baadaye, D+ inafuata. Dalili ya kwanza na ya pili zimekwisha, nimewasha kwa mpangilio wote: adapta kwanza, kebo kwanza, vyote pamoja, kompyuta kulala na kuamka. Ile ya diski imebaki, ila sasa naiona: ikichomekwa, RESET_N inashuka yenyewe.

Mzee_Volti:
Msimamizi anakuonyesha kilichokuwa kikitokea kimyakimya. Chaneli 1 kwenye 5V karibu na AMS1117, triga ikishuka chini ya 4.5, chomeka diski.

Kipinga10k:
5V inazama hadi 3.9 kwa muda mfupi, 3.3 inaifuata hadi 2.7.

Mzee_Volti:
Vyanzo viwili vinaungana. Kwanza kebo ya adapta. Kama ni waya wa AWG 24, una takriban miliohm 84 kwa mita. Mita 1.5 kwenda na kurudi ni mita 3, ohm 0.25. Mkupuo wa ampea 2 unakula volti 0.5 kwenye waya tu, kabla ya fyuzi. Pili, diski inapochomekwa, kapasita zake tupu zinajaa kutoka kwenye reli yako moja kwa moja, kwa kuwa hakuna swichi katikati.

AMS1117 inataka 4.4 hadi 4.6 ili itoe 3.3. Ukiwa 3.9 haina la kufanya.

Tengeneza hivi: kila mlango uwe na swichi yake ya TPS2051B, ambayo inawashwa na mantiki ya juu kama PRTPWR (pini ya kuwasha umeme wa mlango) ya chipu yako. TPS2041B ni ndugu yake anayewashwa na mantiki ya chini, ukiichukua hiyo milango itakuwa imezimwa pale inapotakiwa kuwaka. Pini ya kosa ya swichi iende OCS_N (pini ya kuripoti mkondo uliozidi) ya mlango huohuo ikiwa na kiloohm 10 kwenda 3.3. Mikrofaradi 100 hadi 150 baada ya kila swichi, karibu na soketi. Kabla ya swichi, mikrofaradi 470 kwenye 5V ya adapta. Hiyo haimo kwenye ile sheria ya mikrofaradi 10, kwa sababu haiko upande wa VBUS ya kompyuta.

AMS1117 ichukue 5V yake karibu na jeki, kwa njia yake yenyewe, isipite kwenye shaba ileile inayobeba umeme wa milango. Unaweza kuweka Schottky kabla yake na mikrofaradi 47 baada ya Schottky ili mzamo wa 5V usiinyonye, lakini Schottky inakula 0.3 na AMS1117 haina nafasi ya kutoa. Kwa mpango huo badilisha regyuleta iwe inayoridhika na tofauti ya volti 0.3 au chini.

SaketiWazi:
Na kapasita ya kutolea ya AMS1117 iangaliwe. Inataka mikrofaradi 22 yenye ukinzani kidogo wa ndani, tantalamu ndiyo mazoea. Ukiweka seramiki tupu inaweza kuyumba, na utaona mawimbi kwenye 3.3 yanayofanana na kelele za USB.

tarakilishi_usiku:
Swali dogo. Kama RESET_N inaendeshwa na kidhibiti badala ya msimamizi, ile resista ya kuvuta juu ibaki?

SaketiWazi:
Hapana, igeuze iende chini, kiloohm 10. Kidhibiti kinapoamka pini zake huwa hazijaamua kitu, na resista ya juu ingeiachia habu mapema. Ikiwa chini, habu inangoja mpaka programu iinue pini. Pigo la riseti lisipungue mikrosekunde 1, na watu huweka milisekunde 10 bila hasara yoyote.

Kipinga10k:
Na kitufe cha riseti ya mkono? Nikikiweka kati ya RESET_N na graundi kwenye TPS3808 kuna madhara?

Mzee_Volti:
Kwenye TPS3808 hakuna madhara kwa sababu haisukumi juu, ila kiweke kwenye pini ya MR, ina resista yake ya kuvuta juu ndani na unapata ucheleweshaji uleule wa milisekunde 20 baada ya kuachia, kwa hiyo kitufe kinachorukaruka hakileti shida. MAX809 inasukuma pande zote mbili. Kitufe kwenye mstari wake kinaifunga pini inayosukuma juu kwenye graundi moja kwa moja. Tumia MAX803, ndiyo ile inayovuta chini tu, pamoja na kiloohm 10 kwenda juu.